Lango Lililomshinda Mfalme

Filamu ya The Last Emperor, iliyoongozwa na Mwitaliano Bernardo Bertolucci mwaka 1987 na kunyakua tuzo zote 9 za Oscar ilizowania, husifiwa kwanza kwa fahari yake: kasri halisi la wafalme mjini Beijing, mavazi ya hariri, na umati unaomsujudia mtoto ambaye hajatimiza hata miaka 3. Sibishani na sifa hizo, lakini kinachonirudisha kwenye filamu hii kila mara ni malango yake.

Puyi, mfalme wa mwisho wa China ambaye filamu inasimulia maisha yake, alitawazwa mwaka 1908 na kuvuliwa ufalme Februari 1912, ila akaachwa aendelee kuishi kasrini, akihudumiwa na matowashi, mfalme ambaye amri yake iliishia ukutani. Anapopata habari za kifo cha mama yake, anapanda baiskeli mpaka langoni ili aende akamwone, na askari wanamfungia. Miaka mingi baadaye, akiwa mfalme wa Manchukuo, dola ya vibaraka ya Japani kaskazini-mashariki mwa China, aliyewekwa na Wajapani mwaka 1934, mkewe anaondolewa kwa gari, naye anamkimbilia na kukuta lango limefungwa vilevile, huku akipaza sauti lifunguliwe.

Hata hivyo, naona filamu imemhurumia kupita kiasi. Tunamwona towashi akinyweshwa wino, kisha jambo hilo linapita kama utundu wa kitoto, ilhali Puyi mwenyewe alikiri katika kumbukumbu zake kwamba alikuwa akiamuru watumishi wachapwe. Manchukuo nako hakuingizwa kwa nguvu, alikitamani kiti cha enzi. Ndiyo maana nayathamini zaidi matukio ya gerezani, alikofungwa na serikali ya kikomunisti ya China baada ya Manchukuo kuanguka, ambako mtu wa miaka zaidi ya 40 aliyezoea kuvishwa analazimika kujifunza kujihudumia, na ambako mkuu wa gereza anamkasirikia kwa kutia saini kila shtaka, hata la mambo ambayo hakuweza kuyajua, kwa kuwa kukiri yote ni njia nyingine ya kukwepa yaliyo yake hasa.

Alisamehewa mwaka 1959, akafanya kazi katika bustani ya mimea mjini Beijing. Mwishoni tunamwona mzee huyo akikata tiketi ili aingie katika nyumba aliyolelewa. Anavuka kamba, anapanda hadi kwenye kiti, na nyuma yake anatoa kikopo alichokificha utotoni, anamkabidhi mtoto wa mlinzi. Mtoto anafungua kifuniko, nyenje anatoka akiwa hai, na anapoinua macho mzee hayupo.