Mashini ya okazyo: kinachobadilika na kisichobadilika

Mpwa wangu anaanza mwaka wa kwanza UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na nyumba nzima imegawanyika juu ya laptopu yake. Dada yangu anataka mpya, ile ya bei ndogo, itoke ndani ya boksi lake. Fundi wetu wa Kamalondo anataka okazyo, yaani iliyokwisha kutumika, iliyotoka kwenye ofisi za Ulaya, halafu iongezewe RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na diski.

Dada ana sababu. Batri ya mpya haijachoka, na katika jiji ambalo umeme wa SNEL unaweza kuondoka jioni ukiwa katikati ya kazi, hilo si jambo dogo. Mpya pia haina historia: hakuna aliyeimwagia kahawa, hakuna nenosiri la kampuni lililosahaulika ndani yake.

Shida ni kilichomo. Nyingi za bei ya chini kabisa zina prosesa (ubongo wa mashini) dhaifu ya Celeron, kama N4020 yenye viini 2 tu, RAM ya GB 4 na hifadhi ndogo ya aina ya eMMC ya GB 64, na vyote vimechomelewa kwenye bodi. Windows na masasisho yake inakula sehemu kubwa ya hizo 64. Siku mashini itakapoanza kuganda, fundi ataifungua, ataitazama, ataifunga tena. Imezaliwa ikiwa mzee.

Upande wa pili ziko laptopu za okazyo kama Latitude 7490, EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480, zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi karibu na 2018. Nyingi zina prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 8 yenye viini 4. Mimi naipenda T480 kuliko zote: ina nafasi 2 za RAM ya DDR4, diski inatoka kwa bisibisi, na batri ya nje unaweza kuichomoa na kuweka nyingine bila kuzima mashini, kwa sababu nyingine ndogo imo ndani. Utadhani aliyeibuni aliwahi kuishi na delestaji, umeme wa mgawo.

Ila maneno ya fundi nayo yapimwe. Anayekuuzia mashini yenye prosesa ya kizazi cha 4 au cha 6 atakuambia: "Ongeza RAM na diski, itakuwa kama mpya." Nusu yake ni kweli. Ukitoa diski ya kuzunguka ukaweka SSD, diski ya chipu isiyozunguka, mashini iliyokuwa inawaka kwa dakika kadhaa itawaka kwa sekunde. Hiyo nimeiona mwenyewe mara nyingi. Lakini prosesa haiongezwi. Windows 11, ukiacha chipu chache, inadai Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, itakwenda vizuri kwenye mashini hizo za zamani, lakini mwanafunzi akidaiwa programu ya uhasibu ya Windows atarudi kwa fundi.

Halafu hesabu. Weka bei ya mashini ya zamani, ongeza RAM, SSD na batri, kisha uliza bei ya T480 iliyo tayari. Mara nyingi tofauti iliyobaki haitoshi kukufanya uhangaike, hasa sasa ambapo RAM imepanda tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vinapopeleka chipu kwenye seva za akili mnemba. Na si kila ya ofisi inaongezeka: ThinkPad X280 na X1 Carbon RAM yao imechomelewa kama ya ile Celeron.

Kwa hiyo nilimwelekea fundi, kwa masharti. Kabla ya kutoa dola, tuliizima T480 aliyotuonyesha na kuiwasha huku tukibonyeza F1, kuona kama BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashini, imefungwa kwa nenosiri. Iliyofungwa hatuichukui hata kwa nusu bei. Tulichomoa chaja, tukaweka video nusu saa tukihesabu asilimia zinavyoshuka, kwa sababu batri ikiwa bandia, namba za ripoti yake siziamini. Batri ya nje ilikuwa imechoka, tukapunguziwa bei, na dada akakubali kulipia nyingine.

Tumefika nyumbani ndipo mpwa akagundua klavye ni QWERTY, mpangilio wa herufi wa Kiingereza. Sasa anatafuta stika za AZERTY, ule wa Kifaransa, katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi.