Vumbi la Mazeras si vumbi la matumbawe

Mafundi wa Mombasa wanaokata mawe ya kupamba kuta watakwambia vumbi ni vumbi: unakohoa jioni, unakunywa pakiti ya maziwa, asubuhi uko tena kwenye grainda. Hawajakosea kote. Mji wa Kale ulijengwa kwa matumbawe na chokaa, na jiwe hilo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, ambayo huyeyuka kwenye asidi. Vumbi lake huwasha koo na kuziba pua, ila mwili hulimudu.

Jiwe la Mazeras, mji ulio bara kidogo kutoka Mombasa, ni habari nyingine. Hilo ni jiwe la mchanga, lenye silika ya fuwele, madini magumu ya mchanga, kwa wingi. Punje zake zisizofika mikroni 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huponyoka puani zikashuka hadi kwenye vifuko vya hewa. Seli za utando wa njia ya hewa zikiguswa hutoa intaliukini-8, kemikali ya kuita seli nyeupe za damu, na hapo uvimbe huanza. Makrofaji, mla taka wa mapafu, huimeza punje na kuitia kwenye kifuko chake cha asidi. Haiyeyuki. Kifuko hupasuka, mfumo wa tahadhari uitwao NLRP3 huamka, intaliukini-1 beta, kemikali nyingine ya kuchochea uvimbe, humwagika. Makrofaji hufa, punje hutoka nzima, makrofaji nyingine huja kuimeza. Punje ile ile! Fundi aliyeacha kazi zamani bado anayo kifuani, na uvimbe unaendelea kuacha makovu. Maziwa, kwa taarifa yake, huenda tumboni.

Mengi ya haya yameonekana kwenye seli zinazokuzwa kwenye sahani za maabara. Wenye shaka husema seli hizo humwagiwa vumbi jingi kupita kiasi, tena hazina kamasi wala vinyweleo vya kulifagia. Ni kweli, na kipimo cha sahani kisigeuzwe kuwa kipimo cha mtu. Lakini silika haikushtakiwa na sahani peke yake: ugonjwa wa silikosisi, makovu ya mapafu yaletwayo na vumbi la silika, ulijulikana kwa wachimba migodi kabla ya maabara hizo, na mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kundi la 1, la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Dawa ya karibu ni kukata jiwe likiwa linamwagiwa maji, kwa mashine iliyoundwa kwa kazi hiyo. Fundi atakuuliza maji yapi, naye ananunua kwa mitungi ya mkokoteni. Swali la haki. Basi gharama hiyo iingie kwenye hesabu ya mwenye nyumba, pamoja na saruji na lori la mawe.