Yai, umri na vumbi la mgodi: kosa la kromosomu linatoka wapi?

Hapa Lubumbashi, mji wa migodi kusini mwa Kongo (DRC), mwanamke akipoteza mimba au akizaa mtoto mwenye ulemavu, maelezo mawili humfikia kabla hajatoka maternite, yaani wodi ya uzazi. La kwanza hutoka kwa wakwe na mashangazi: umechelewa kuzaa, mayai yako yamezeeka. La pili hutoka mtaani: ni vumbi la migodi, ni sumu ya kobalti. Hilo la pili limepata nguvu zaidi tangu mwaka 2020, wakati jarida la The Lancet Planetary Health lilipochapisha utafiti wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, kuhusu watoto waliozaliwa na ulemavu katika mji wetu.

Kila upande una ushahidi wake, na ushahidi wenyewe si mdogo. Linalonisumbua ni kwamba pande zote mbili zinauruka mlango wa kati, yaani yale yanayotokea ndani ya yai siku linapogawanyika.

Kila seli ya kawaida ya mtu ina kromosomu 46, yaani vifurushi vya DNA vinavyobeba maagizo ya urithi. Yai linapokomaa, linatakiwa kubaki na 23 tu, ili mbegu ya baba ilete 23 nyingine. Kazi ya kuzigawa hufanywa na spindeli, yaani fungu la nyuzi nyembamba sana zilizojengwa kwa protini ya tubulini. Nyuzi hizo hujipanga zikielekea ncha mbili, na kila kromosomu hushikwa mahali maalumu panapoitwa kinetokori. Jozi ya kromosomu bado imefungwa pamoja kwa pete za protini ya kohesini, kwa hiyo ncha moja ikivuta huku na nyingine kule, jozi inakaza kama kamba kati ya timu mbili. Mkazo huo ndio alama kwamba nyuzi zimeshika vizuri. Usipokuwepo, protini za jamii ya Aurora huzilegeza nyuzi ili zishike upya. Kila kitu kikikaa sawa, kimeng'enya kiitwacho separasi hukata kohesini, na kromosomu zinaachana.

Hivyo ndivyo mambo yanavyotakiwa kwenda. Katika seli nyingi za mwili spindeli hujengwa kutoka kwenye sentrosomu mbili, yaani vituo vidogo ambavyo nyuzi huanzia, kimoja kila upande, na kazi huisha kwa muda wa nusu saa hivi. Yai la binadamu halina sentrosomu. Spindeli yake huanza kuota kandokando ya kromosomu zenyewe, na ujenzi huchukua takriban saa 16. Mwaka 2015 kikundi cha Melina Schuh, wakati huo kikiwa Cambridge, Uingereza, kilifuatilia mayai ya binadamu kwa darubini na kuona jambo la kushangaza: katika saa hizo ndefu spindeli nyingi huyumba. Ncha zinatawanyika, zinakuwa tatu au zaidi, kisha zinajikusanya tena. Nyuzi zilizoshika wakati wa kuyumba zinaweza kubaki zimeshika vibaya.

Mwaka 2022 kikundi hicho hicho kikaeleza sehemu kubwa ya sababu. Kuna protini iitwayo KIFC1, aina ya mota ndogo inayozifunga nyuzi pamoja ili ncha zisipasuke. Mayai ya panya na ya ng'ombe yanayo ya kutosha. Yai la binadamu linayo kidogo mno. Watafiti walipoiongeza ndani ya mayai ya binadamu, spindeli zilitulia. Walipoipunguza kwa wanyama hao, spindeli zao nazo zikaanza kuyumba.

Kwangu hili ni jambo zito, na ningependa kila mama mkwe wa Katuba, Kenya na Ruashi, komuni za mji wetu, alisikie. Upungufu wa KIFC1 ni hali ya yai la binadamu kwa jumla. Hautokani na dhambi ya ujana, wala dawa za uzazi wa mpango, wala mwanamke kukawia kuolewa. Takriban nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza huwa na kasoro ya idadi ya kromosomu, na wanawake wenye umri wa miaka ishirini na kitu wamo miongoni mwa wanaozipoteza.

Lakini upande wa umri hauwezi kufutwa. Hatari ya kuzaa mtoto mwenye hali ya Down, yaani kromosomu ya 21 ikiwa tatu badala ya mbili, ni takriban mtoto 1 kati ya 1,500 mama akiwa na miaka 20. Akifika 35 ni 1 kati ya 350 hivi, akifika 40 ni 1 kati ya 100, na 45 ni karibu 1 kati ya 30. Sababu moja kuu ni zile pete za kohesini. Mayai ya mwanamke huanza mgawanyiko huu yeye mwenyewe akiwa bado tumboni kwa mama yake, kisha husimama kwa miaka mingi. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba kohesini ya yai lililosimama haiwekwi upya, inayopotea imepotea. Pete zikipungua, jozi huachana mapema na spindeli inavuta vitu visivyofungwa tena. Na ukaguzi unaopaswa kuisimamisha seli yenye kasoro ni dhaifu ndani ya yai kuliko katika seli nyingine. Kwa hiyo umri huongeza udhaifu uliokuwepo tangu mwanzo. Anayesema "ni umri" amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo hutumika kumuumiza mtu.

Sasa mgodi. Ule utafiti wa 2020 ulilinganisha watoto 138 waliozaliwa na ulemavu unaoonekana na watoto 108 wasio nao. Uhusiano mkubwa kuliko yote uliopatikana ulikuwa na kazi ya baba: baba kufanya kazi ya mgodini kulihusishwa na uwezekano mara 5.5 zaidi. Makadirio hayo ni mapana mno, kuanzia 1.2 hadi 25, kwa hiyo tusiitaje 5.5 kana kwamba imepimwa kwa mizani. Manganizi na zinki kwenye damu ya kitovu navyo vilihusishwa na ulemavu, ingawa havichimbwi Lubumbashi, na watafiti wenyewe walikiri kwamba njia ya uhusiano huo haijulikani.

Wengi wanaushika utafiti huu na kusema: basi sumu imeharibu kromosomu. Hapo siwafuati. Kwanza, ulihesabu ulemavu unaoonekana kwa macho, na aina nyingi za ulemavu huo, kama mdomo uliopasuka, hutokea hata kwa mtoto mwenye kromosomu 46 kamili. Pili, aliyenyooshewa kidole na utafiti huo ni baba. Kromosomu ya 21 inapozidi, zaidi ya mara 9 kati ya 10 hutoka kwenye yai. Seli zinazotengeneza mbegu za kiume zina sentrosomu, na ukaguzi wake ni mkali kuliko wa yai. Baba naye hukosea. Watoto wa kiume wenye X mbili na Y moja, karibu nusu yao kosa limetoka kwake. Hata hivyo, njia inayotoka mgodini hadi kwenye ulemavu wa mtoto huenda haipiti kwenye spindeli kabisa. Inaweza kupitia uharibifu wa DNA ndani ya mbegu, au vumbi ambalo baba analileta nyumbani kwenye nguo hadi kwa mama mwenye mimba.

Hata hivyo siwezi kuufunga kabisa mlango wa sumu kufika kwenye spindeli. Mwaka 1998 Patricia Hunt, mtafiti wa Cleveland, Marekani, aliona mayai ya panya wake wenye afya yameanza ghafla kuwa na kromosomu zisizojipanga kwenye spindeli. Chanzo kilikuwa sabuni kali iliyoharibu vizimba vya plastiki hadi vikatoa bisfenoli A. Ikiwa kemikali ya kizimba inaweza kufika hadi kwenye spindeli ya yai, swali kuhusu metali zetu ni halali na linastahili kupimwa.

Kulipima kunawezekana. Zichukuliwe mimba zilizotoka, kwa ridhaa ya wazazi, kromosomu zihesabiwe, na familia za wachimbaji zilinganishwe na familia nyingine zenye mama wa umri uleule. Bila kulinganisha umri, upande wowote utajiona umeshinda. Wakati majibu yakisubiriwa, mchimbaji apewe mahali pa kuoga na kubadilisha nguo kabla ya kurudi kwake, na daktari amwambie mama aliyepoteza mimba, mumewe akiwa amekaa pale akisikia, kwamba yai la binadamu hukosea hata pale ambapo hakuna aliyelikosea.