Upanga wa uchawi badala ya almasi

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni, mganga wa kundi anajua uchawi wa kumrudisha aliyekufa, ila almasi zinazoteketea katika uchawi huo zimekwisha. Mkobani kuna panga mbili zenye uchawi ambazo hakuna anayezishika tena tangu walipopata bora zaidi. Mchezaji mmoja anauliza kama panga hizo haziwezi kuteketea badala ya almasi. Kwenye meza nyingi jibu huja kabla swali halijaisha: hapana, kitabu kimesema almasi. Kwa kanuni, jibu hilo halina dosari. Tatizo ni dhana inayoandamana nalo, kwamba anayeuliza anatafuta mteremko. Wengi wao, nionavyo mimi, wanatafuta kinyume chake.

Tuangalie gharama za uchawi zilikotoka. Katika kanuni za mwaka 1978 viambato vingi, yaani vitu anavyohitaji mchawi ili uchawi ufanye kazi, vilikuwa nusu utani. Mpira wa moto ulihitaji kinyesi cha popo na salfa, yaani karibu baruti kamili. Radi ilihitaji manyoya na kijiti cha kaharabu au kioo, vitu ambavyo ukivisugua hutoa cheche. Lakini kando ya utani huo kulikuwa na gharama zilizouma. Uchawi wa kuongeza kasi ulimzeesha mtu mwaka mzima. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilidai pointi 5,000 za uzoefu, zile zinazomkuza mhusika, kwa uchawi wa Wish, na pointi hizo zilikatwa kwa mhusika mwenyewe. Kufikia toleo la tano, la mwaka 2014, gharama hizo zilizouma zilikuwa zimefutwa. Viambato vya bei ndogo sasa vinafidiwa na kijaluba kimoja kiunoni, na vilivyobaki na uzito ni vile vyenye bei iliyoandikwa. Kwa uchawi wa kufufua, ni almasi ya sarafu 300 za dhahabu kwa Revivify, 500 kwa Raise Dead, 1,000 kwa Resurrection, na almasi za 25,000 kwa True Resurrection.

Kifo, kwa maneno mengine, kimebaki na risiti. Na dhahabu katika mchezo huu huja kwa magunia. Kundi lililokwisha kuua joka lake la kwanza halikosi usingizi kwa ajili ya sarafu 300. Hakuna mchezaji anayekumbuka sarafu zake zilitoka pango gani. Upanga anaukumbuka: nani aliukuta, nani alianguka siku hiyo, nani aligombana na nani kuhusu atakayeubeba. Anayependekeza uteketee anataka kulipa kwa kitu chenye jina, na hiyo ndiyo maana ya kafara.

Wala si jambo geni mchezoni. Gombo la uchawi husomwa mara moja likaisha. Mkoba wa uchawi uitwao Bag of Holding ukitiwa ndani ya Portable Hole, shimo la uchawi linalobebeka, vyote viwili huharibika palepale na mlango wa kwenda anga la Astral hufunguka, ukimvuta kila aliye ndani ya futi kumi. Fimbo ya Staff of Power inaweza kuvunjwa kwa makusudi: katika kanuni za 2014, mvunjaji asiyeponyoka hupata pointi za madhara mara 16 ya chaji zilizomo, na fimbo iliyojaa ina chaji 20. Hesabu hiyo ni 320. Hakuna anayeiita njia ya mkato. Watu huisimulia miaka mingi baadaye.

Sasa wanaokataa, ambao nao si wajinga. Hoja yao bora kabisa imo ndani ya kitabu chenyewe, kwenye kofia ya chuma iitwayo Helm of Brilliance. Kofia hiyo hupatikana ikiwa na almasi kati ya moja na kumi, pamoja na yakuti na opali tele. Mchezaji yeyote mwenye macho ataona almasi hizo na kuwaza wafu wake. Waandishi walimwona kabla hajafika: kito chochote kikibanduliwa kwenye kofia husagika kuwa vumbi. Sentensi moja, na mlango umefungwa. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kwa sababu inaonyesha kwamba swali hili halikusahauliwa. Watu waliojua hesabu za mchezo waliona hatari na wakaiziba.

Ila tazama walichoziba hasa. Walizuia kito kubanduliwa kikatumika kama kito cha kawaida. Hawakugusa swali la kuteketeza kofia nzima, na uchawi wake wote. Pengo kati ya mambo hayo mawili ndilo linalogombaniwa.

Hatari ya kweli iko kwenye bei. Kitabu cha msimamizi, yaani anayeendesha mchezo, cha mwaka 2024 kinakipa kifaa chenye uchawi cha daraja la pili, ambalo ni juu kidogo ya la kawaida, thamani ya sarafu 400. Kile adimu 4,000. Kile adimu sana 40,000. Kitabu hichohicho kinaruhusu kukitengeneza kwa nusu ya bei: sarafu 200 na siku kumi za kazi kwa daraja la pili, sarafu 20,000 na siku 125 kwa kile adimu sana. Ukikubali kuteketeza kwa bei kamili, kundi linafungua karakana. Kifaa cha sarafu 200 kinalipia almasi ya 300. Kifaa cha 20,000 kinalipia ufufuo wa 25,000. Faida hiyo ya sarafu ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba almasi ndiyo kamba pekee aliyobaki nayo msimamizi. Akitaka kifo kiwe kizito katika nchi fulani, anafanya almasi ziwe haba humo. Karakana inamnyang'anya kamba hiyo, na wafu wanaanza kurudi kwa ratiba.

Dawa yake naiona rahisi kuliko ugomvi wenyewe: kifaa kinachoteketezwa kihesabiwe nusu ya thamani. Aliyetumia 200 kutengeneza anapata 200, na siku zake kumi zimepotea bure. Karakana inafungwa bila kumkataza mtu. Revivify inakula vifaa viwili vya daraja la pili, Raise Dead inakula vitatu.

Hapo ndipo pingamizi la mwisho linapojibika pia, nalo ni zito: kwamba watu watachoma takataka, zile panga mbili za mkobani, na kafara isiyouma si kafara. Ni kweli, mara ya kwanza. Lakini kwa hesabu ya nusu, panga mbili zinamrudisha mtu mmoja tu, aliyekufa dakika iliyopita. Kifo kinachofuata kinakuta mkoba mtupu, na mganga anaanza kutazama pete ya mwenzake. Mazungumzo yanayozuka mezani wakati huo, ya nani atoe nini kwa ajili ya nani, almasi haijawahi kuyaleta.

Kesi ndogo zisitupotezee muda. Lulu yenye uchawi iitwayo Pearl of Power kutumika katika Identify, uchawi wa kutambua vifaa unaotaka lulu ya sarafu 100 na usioiteketeza, haimdhuru yeyote. Ni lulu, thamani inatosha, endelea na mchezo. Upanga wenye uchawi kuwa kiambato cha uchawi wa Booming Blade, ambao tangu 2020 unataka silaha yenye thamani ya angalau sarafu moja ya fedha, ni halali bila mjadala.

Kinachobaki kigumu ni vifaa vyenye laana. Mchezaji atataka kuchoma upanga uliolaaniwa, amfufue rafiki na aondokane na balaa kwa mkupuo mmoja, na kwa bei hakuna cha kumzuia. Mimi ningekubali, tena kwa nusu ileile. Kisha ningemwambia aliyefufuka, faraghani, kwamba anasikia sauti ya ule upanga.