Saa ya bei ghali mkononi: unalipia nini hasa?

Fundi akifungua kifuniko cha nyuma cha saa ya springi, jicho huvutwa na kijigurudumu kimoja kinachogeuka mbele na nyuma bila kupumzika. Katika saa nyingi za kisasa za aina hiyo hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara nane kila sekunde, ndiyo maana mshale wa sekunde huonekana ukiteleza. Saa ya betri haina gurudumu hilo. Ina kijiwe cha kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kwa kawaida hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi mzima. Saa ya springi yenye cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kila siku.

Kwa hiyo anayesema amelipa pesa nyingi ili ajue wakati vizuri zaidi amekosea hesabu. Hoja hiyo ilianza kufa tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilipotoa saa ya kwatsi iitwayo Astron. Kinachouzwa tangu hapo ni urembo na kazi ya mikono, na hilo si jambo dogo. Mwanamume wa Kisumu au Kakamega akivaa mkufu au bangili ataulizwa maswali nyumbani, lakini saa inaingia naye kanisani, ofisini, harusini na hata matangani bila mtu kunung'unika. Kama kuna pambo moja aliloruhusiwa, haki yake alichague kwa makini.

Upande wa pili una uzito wake. Juni 2024, vijana wa Kenya walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, saa za bei kali za viongozi zilikuwa miongoni mwa vitu walivyovitaja kwa hasira. Saa husema jambo kuhusu mvaaji hata akinyamaza, na katika mji ambao wengi wanahesabu nauli ya boda boda, jambo hilo linaweza kuumiza. Anayenunua ili aonekane ana pesa asishangae watu wakiuliza zimetoka wapi.

Hata hivyo, pingamizi ninaloliona kuwa zito zaidi liko kwenye meza ya fundi. Saa ya springi inahitaji huduma kamili: Omega hushauri kila miaka 5 hadi 8, Rolex takriban miaka 10. Huduma kamili ni kuifungua yote, kuosha kila kipande, kupaka mafuta ya aina tofauti mahali tofauti, kubadilisha raba zinazozuia maji kuingia, kisha kuipima kwa shinikizo kama inazuia maji. Kampuni kadhaa za Uswisi haziuzii mafundi wa nje vipuri vyake, kwa hiyo saa hupanda basi kwenda Nairobi, au hutoka nchini kabisa. Ukimpa fundi asiye na vifaa akadondosha mafuta ya aina moja kila mahali, mafuta husambaa hadi kwenye kispringi chembamba cha lile gurudumu, mizunguko yake ikashikana, na saa ikaanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku.

Sumaku nayo huleta dalili hiyohiyo. Saa iliyolala usiku kucha juu ya spika inaweza kuishika. Ijaribu kwa dira: sindano ikicheza saa inapokaribia, imeshika sumaku. Kuitoa ni kazi ya sekunde chache kwa fundi mwenye kifaa, kwa hiyo usikubali kulipia huduma nzima kabla ya jaribio hilo.

Maji yanaharibu zaidi, hasa kando ya ziwa. Maandishi ya mita 30 nyuma ya saa hayamaanishi unaweza kuzama nayo mita 30. Ni kipimo cha maabara, saa ikiwa mpya na raba zake laini. Inavumilia mvua na kunawa mikono. Kwa kuogelea tafuta mita 100. Maji ya moto na sabuni huzichosha raba mapema. Ukitoka juani ukaingia ofisi yenye kiyoyozi na ukaona ukungu ndani ya kioo, unyevu umeshaingia: ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, maana kutu haisubiri wikendi. Kuizika kwenye mchele hakuutoi unyevu ulio ndani.

Na tarehe usiibadilishe kwa kitufe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Katika saa nyingi, wakati huo meno ya tarehe yameshaanza kushikana, nawe unaweza kuyavunja.

Kwa uzuri wenyewe, jina kwenye uso wa saa lina kazi ndogo kuliko vipimo. Zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono: ukipata sentimita 16 au 17, saa ya upana wa milimita 36 hadi 40 itakaa vizuri. Pembe za kushikia mkanda zisipite ukingo wa mkono. Cheni iache nafasi ya kidole kidogo, kwa sababu mkono huvimba kidogo joto la mchana likipanda. Mkanda wa ngozi hunywa jasho na kuoza, hivyo kuwa na miwili, mmoja ukauke. Nasi wasemaji wa Kiswahili tuna faida moja: mshale mfupi ukiwa kwenye 7 tunasema saa moja, kwa hiyo tumezoea kusoma mahali mshale ulipo, si tarakimu. Uso mtupu wenye vijistari tu, ambao ndio unaopendeza zaidi na suti, hautusumbui hata kidogo.

Kwa hiyo kwa mtu wa Nakuru au Kisumu mwenye mshahara wa kawaida, ningechagua saa nzuri ya betri yenye kioo cha safaya, kisichokwaruzwa na mchanga wa kawaida. Ya springi aichukue yule ambaye, akishalipa bei, bado ana pesa ya huduma ya kwanza pembeni na anamjua fundi atakayeifungua.