Mkunga wa Mkomani

Hapa Amu, yaani Lamu, kila mtu ni bingwa wa samaki, ila ubingwa wetu unaanza pale samaki anapokata roho. Kumpaka, kumtia nazi, kumbanika na ndimu na pilipili, hata mtoto wa madrasa atakuelekeza. Muulize mtu huyo huyo vipi samaki atakaa hai ndani ya kioo, atakuuliza kama umepima malaria.

Hayo shemeji yangu hakuyafikiria. Yeye anaishi Mombasa na ana nyumba ya wageni huku Mkomani. Mimi ndiye msimamizi, shangazi ndiye mpishi, na shangazi huyo huyo ndiye mwenye amri. Siku moja shemeji akaingia hoteli fulani ya watu wazito, akakuta tangi la samaki wa maji ya chumvi, basi roho haikutulia tena. Fundi wa vioo akaunda tangi la lita 200, likapakiwa kwenye basi mpaka Mokowe, likavushwa kwa boti likiwa limeviringishwa magodoro. Waliokuwa gatini wakavua kofia, wakidhani tunaleta maiti.

Shangazi hakushtuka. "Samaki nyumbani ni jambo la kale. Birika la nyanya yangu lilikuwa na samaki wakila viluwiluwi vya mbu, na chini alijengea bakuli la kaure, maji yakipungua wapate pa kukaa. Na hakununua pampu." Kweli tupu, nyumba za kale bado utaliona bakuli lenyewe. Lakini wale walikuwa samaki wa maji baridi, wasio na makuu.

Muuza vifaa vya matangi ya samaki, kwa simu, alitueleza vizuri. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Ndani ya mawe na mchanga huota bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wakaigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki wengi huivumilia isipozidi. Bakteria hao huchukua wiki nne mpaka sita kujaa. Shemeji akasikiliza yote, akashukuru, akakata simu, akasema, "Wageni wa Krismasi wako njiani. Hao bakteria watatukuta ndani."

Maji tukateka katikati ya mkondo, upande wa Manda, bahari ikiwa imejaa, maana ya pale gatini yananuka dizeli. Madumu kumi, punda wakabeba. Ami mmoja mvuvi akatuletea mawe yenye matundu matundu kutoka baharini, vitatange wawili, kangaja mmoja, na vile vidogo vya buluu ambavyo wavuvi hawahangaiki navyo kwa kuwa haviingii sufuriani. Mtaa mzima ukapita kutazama. Hakuna aliyesema "wazuri". Walisema, "Huyu wa kukaanga," "Huyu ana miba mingi," na mzee mmoja alisimama kwa kangaja muda mrefu, akameza mate, akaondoka bila kuaga.

Haukupita muda, samaki wote wakawa juu ya maji wanatweta midomo wazi. Nikatoa kile kipimo cha matone. Ukitia kwenye kichupa maji yakabaki manjano, salama. Yakienda kijani, kuna amonia. Yetu yalikuwa kijani hata shangazi akayaona bila miwani. Nikabadilisha robo ya maji, kesho yake robo nyingine, na bado kijani. Ndipo nikaamka mapema nikamkuta shangazi amesimama penye tangi na sahani, anamega mahamri.

"Shangazi!"

"Nini? Mgeni halali na njaa nyumbani mwangu. Na huyu wa manjano anapenda yenye iliki."

Kuna awezaye kumwambia kwamba chakula kisicholiwa huoza na kuwa amonia hiyo hiyo? Nilimwambia. Akapunguza, akawa anawapa nusu mahamri.

Na huku mpwa wangu, kila maji yakipungua kwa joto, anaongeza ya bahari, maana hawa ni samaki wa bahari. Maji hukauka lakini chumvi haikauki. Inayotakiwa ni maji matamu ya kurudisha kilichopotea. Kipima chumvi, ambacho hutakiwa kisome kama 1.025, kilikuwa kimepita 1.030. Nikaomba dumu la maji matamu ya Shela. Shangazi akauliza kama nina akili, maji ya chai yetu niwape samaki waliozaliwa baharini. Tukayapata kwa siri, usiku, mimi na mpwa, tukinyata ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Kipimo kikarudi manjano. Samaki wakashuka, wakaogelea. Nikampigia shemeji nikamwambia sasa tuko sawa.

Hapo ndipo wakaanza kupotea.

Kwanza vidogo vya buluu, mmoja mmoja. Hakuna maiti, hakuna mwiba, hakuna hata gamba. Kisha kitatange mmoja. Mtaa ukakaa barazani, na kesi haikuwa ndefu: paka. Nyumba yetu ina dume moja refu la miguu, la aina hii yetu ya Amu, lililozoea kulala juu ya kiti mkabala na tangi na kutazama kipindi chote. Shahidi alisema amemwona akilamba mguu. Ikatosha. Akatiwa kapuni, akapandishwa punda, akapelekwa Matondoni. Usiku ule ule kitatange wa pili akapotea. Paka mwenyewe akarudi kwa miguu kabla ya Ijumaa, amenuna, akapanda kiti chake.

Nikaamua kulinda. Nikazima taa, nikaketi na tochi, paka upande huu, mimi upande ule. Saa nane za usiku hivi, kutoka kwenye tundu la jiwe ambalo nimelipangusa kwa mikono yangu, kikatokeza kichwa. Kikafuata shingo. Kikafuata shingo. Kikaendelea kufuata shingo. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, madoadoa ya kahawia, mnene wa kifundo cha mkono, mdomo unafunguka na kufunga, unafunguka na kufunga. Nilijua kwamba hivyo ndivyo anavyopitisha maji kwenye matamvua apate pumzi. Lakini saa nane za usiku, kwenye mwanga wa tochi, mtu anakusema. Paka aliruka akatua kichwani mwangu, mimi nikaruka, kikoi kikabaki kwenye kiti. Mlango wa chumba cha juu ukafunguliwa, na mgeni wetu wa Ufaransa, mama mtu mzima, akauliza kwa adabu kama hii ni ada ya mji.

Alikuja ndani ya jiwe, akiwa amejikunja. Amonia ile iliyokuwa ikiwatesa wenziwe, yeye haikumtisha. Mkunga ni mgumu. Ami mvuvi akasema atakuja kumtoa baada ya swala ya Ijumaa.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa jikoni namenya kamba. Shangazi akaita, "Njoo! Pampu imenyamaza!" Nikaenda mbio, nikazamisha mkono kwenye pampu, ambayo iko upande wa pili kabisa wa lile jiwe. Mkunga haoni vizuri. Pua ndiyo anayoitegemea, na mimi kidole changu kilikuwa kinanukia kamba watano.

Meno yake yamepinda kuelekea ndani. Maana yake ukivuta, unamwachia nyama. Kwa hiyo nikasimama. Mkono tangini mpaka kwenye kiwiko, mnyama amening'inia kidoleni, na wageni wapya wanne wanaingia na mabegi. Wakanipiga picha. Simu ikalia mfukoni, mpwa akanishikia sikioni.

"Shemeji, vipi huko?"

"Shemeji, mkunga kanishika kidole!"

Kimya kidogo. "Mkunga? Nani kazaa?"

"Yumo ndani ya tangi!"

"Mkunga yumo tangini? Sasa huyo mzazi yuko na nani?"

Shangazi akanyakua simu. "Hakuna aliyezaa, mwanangu, ila nduguye mkeo yuko kwenye uchungu." Akaikata.

Ushauri ukamiminika. Mmoja alitaka siki, mmoja alitaka tumbaku, na yule mzee wa kangaja alitaka kujua kama tuna nazi. Ami mvuvi alipofika alisema neno moja tu, "Tulia." Nikatulia. Mkunga naye akafikiri, akaonja tena, akagundua mimi si kamba, akaniachia. Hospitalini wakasafisha kidonda sana, maana jeraha la mdomo wa mkunga huoza upesi, wakanipiga sindano ya pepopunda. Kwenye daftari muuguzi akaandika "ameumwa na mkunga", akasita, akaongeza "samaki".

Niliporudi ami alikuwa amekwenda zake na mkunga bado yumo. Wageni walikuwa wamekataa asitolewe. Wameketi sakafuni mbele ya kioo na chai zao. Shangazi ndiye sasa anayemlisha, mara mbili tatu kwa wiki, kipande cha kamba kwenye koleo refu, na hataki kusikia habari ya mahamri: "Yatamharibia tumbo." Juu ya tangi tumeweka ubao na jiwe la kusagia, kwa kuwa mkunga akipata upenyo hutoka. Kangaja wa watu tulimrudisha mkondoni, akiwa mzima.

Juzi shemeji amepiga. Anaona tangi limepauka rangi, anataka kuagiza vitatange wengine kabla ya wageni wa Pasaka.

"Walete," shangazi akamjibu. "Huyu hajala tangu Jumatatu."