Kinyago cha Baba Sikibadilishi

Tulikuwa tunasogeza kabati. Kinyago cha ujamaa alichotuachia baba, kile cha watu waliopandana mabegani, kikadondoka sakafuni, kwa kishindo cha jiwe. Mpingo ni mzito, ukiutupa majini unazama. Tulipokiinua kilikuwa kizima isipokuwa mahali pamoja: mtoto aliyekaa begani mwa mama yake, safu ya tatu kutoka chini, amekatika mkono kwenye kiwiko. Mkono niliuokota chini ya kochi. Ni mfupi kama njiti ya kiberiti, una vidole vinne. Dole gumba nililitafuta kwa tochi mpaka magoti yakauma.

Kabla ya magharibi nilikuwa nimeshashauriwa vya kutosha. Shemeji alisema niende Mwenge, kwenye soko la vinyago Dar es Salaam, nikanunue kingine, vimejaa tele. Jirani alikuja na supaglu mkononi.

Hoja ya shemeji siidharau, maana anayenunua kipya anamlisha mchongaji aliye hai leo. Na kama kilichovunjika ni kile kitwiga cha mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu, nunua kingine tu. Kinyago cha ujamaa ni habari nyingine. Hakina kalibu. Mchongaji analisoma gogo, anafuata lilivyopinda, watu wanapandana mabegani, wote kutoka mti mmoja bila kiungo hata kimoja. Mtindo huu wengi wanamtaja Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, kuwa ndiye aliyeuanzisha. Nikinunua kingine nitaleta nyumbani ukoo wa watu wengine. Huu wa kwetu nimeufuta vumbi tangu nikiwa darasa la pili, namjua hadi bibi wa chini kabisa aliyebeba wote.

Tena mpingo wenyewe unachukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na Ulaya wanauhitaji kwa klarineti na oboe. Kutupa mpingo kwa sababu ya mkono mmoja naona ni dhambi.

Supaglu nayo iliwahi kuniponza. Miaka ya nyuma fundi mmoja aliniunganishia kinyago kingine dakika mbili tu. Ukabaki ukungu mweupe kuzunguka kiungo, na baada ya muda kikaachia, kwa sababu mpingo una mafuta na gundi haishiki ovyo. Kibaya zaidi, pale palipokwishanywa gundi pakakataa gundi nyingine. Kwa hiyo kikikuvunjikia, usipige msasa wala usisuguanishe vipande kujaribu kama vinakaa. Vifunge kwenye kitambaa safi, umpelekee mchongaji.

Mimi nilimpelekea mzee mmoja wa Mwenge. Alipapasa palipovunjika kwa ukucha wa kidole gumba, akapafuta kwa spiriti, kitambaa kikatoka na rangi ya zambarau iliyoiva. Akakung'uta vumbi la mpingo kutoka chini ya kigoda chake, akalichekecha. Hilo, alisema, atalichanganya na gundi ya mirija miwili, ndani ataweka kipande cha sindano, kisha atafunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli kilale usiku kucha.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Mwanangu, nikuchongee mkono mpya? Huu hauna dole. Nakata hapa pawe sawa, nachomeka mwingine, hakuna atakayejua."

Nilikaa kimya kidogo. Alikuwa sahihi, mkono mpya ungependeza zaidi. Lakini aliyechonga vile vidole vinne alikuwa na namna yake: amevikunja kidogo, vimeshika nywele za mama kama mtoto anayeogopa kuanguka. Nikamwambia, "Hapana mzee wangu, rudisha ule ule." Akaitikia kwa kichwa, akauweka ndani ya kifuniko cha chupa usipotee.

Jumatano nakwenda kukichukua. Dole gumba bado nalitafuta.